Sekunde kumi za kwanza: shajara ya mradi wa kujiandaa kutoa huduma ya kwanza

Siku ya kwanza

Leo asubuhi mtu ameanguka mbele yangu ndani ya ukumbi wa abiria, hatua nne hivi kutoka niliposimama kwenye foleni. Alianguka mzimamzima, bila hata kutanguliza mikono. Mimi nina cheti cha huduma ya kwanza. Nilikipata miaka tisa iliyopita na bado kiko kwenye faili. Nikasimama. Tulikuwa kama watu thelathini, sote tumesimama, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni kuona atafanya nini.

Akatoka mama mmoja nyuma yetu. Akaweka mfuko chini, akapiga magoti, akamtikisa yule mtu mabega, akainama kusikiliza pumzi. Aliponyanyua uso alininyooshea kidole: "Wewe kaka wa shati la kijani, piga simu ya dharura. Sema mtu amezimia na hapumui. Usiondoke hapa." Nikapiga. Aliyepokea akauliza tuko wapi, nikamtajia jina la kituo. Akauliza mlango gani. Sikuwa na jibu. Miaka mitatu napita mlango ule kila siku na sikuwahi kuisoma namba iliyoandikwa juu yake.

Gari la wagonjwa lilipofika walimkuta yule mama bado anakandamiza kifua, jasho linamdondoka puani. Wakampokea bila kuacha hata pigo moja, wakamtoa kwa machela.

Nimejipa wiki kumi na sita. Mtu akianguka tena mbele yangu, nataka niwe nimeshapiga magoti kabla sekunde kumi hazijaisha.

Wiki ya 1: Kupanga

Jioni ya kwanza niliitumia kuorodhesha vifaa: bendeji, shashi, glovu, mkasi. Nikafika hadi kuchagua rangi ya mkoba. Usiku nikamkumbuka yule mama, ambaye hakuwa na kifaa hata kimoja. Orodha nimeiweka kando hadi wiki ya nane.

Badala yake nimerudi kwenye hesabu ya muda, maana ndiyo inayotawala kila kitu hapa. Moyo ukisimama, damu haipandi kichwani, na ubongo huanza kuumia ndani ya dakika chache tu. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila moyo kushtuliwa kwa umeme, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Gari la wagonjwa, hata likiwa la haraka kiasi gani, lina barabara ya kupita. Dakika zile za katikati zinabaki mikononi mwa aliye karibu, awe amejiandaa au hakujiandaa.

Kwa hiyo nimechagua vipimo vitatu, vyote vya saa. Cha kwanza ni muda kuanzia kumwona mtu anaanguka hadi kugusa bega lake. Cha pili ni muda wa kueleza mahali nilipo kwa simu hadi mtu asiyepajua apaelewe. Cha tatu ni mikandamizo thelathini ndani ya sekunde 15 hadi 18, kisha kuendelea hivyo kwa dakika mbili bila kulegea.

Wiki ya 2: Simu

Nilidhani hii itakuwa wiki nyepesi. Nimeandika sentensi ya kusema kwenye simu: niko wapi, nini kimetokea, watu wangapi, wana hali gani. Mahali pametangulia kwa makusudi, kwa sababu simu ikikatika baada ya hapo, angalau gari linajua pa kwenda. Kisha nikaanza mazoezi. Kila nikiingia mahali penye watu, najiuliza kimoyomoyo: nikipiga simu sasa hivi, nitasema niko wapi? Siku tatu za mwanzo nilishindwa zaidi ya nusu ya mara. Najua jina la jengo, sijui ghorofa. Najua barabara, sijui upande. Mara moja nilikuwa nimekaa ndani ya chumba cha mikutano kwa saa mbili, na sikuweza kumweleza mtu wa nje jinsi ya kufika pale kutoka lango kuu.

Sasa nasoma mabango. Namba ya mlango, ghorofa, alama kubwa iliyo karibu, njia ambayo machela inapita. Nimejifunza pia kuweka simu kwenye spika na kuilaza sakafuni kando ya kichwa cha mgonjwa, ili mikono yote miwili ibaki huru. Kwenye vituo vingi vya dharura anayepokea simu anaweza kukuongoza hatua kwa hatua hadi msaada ufike, kwa hiyo usikate mpaka yeye akuambie. Kitu kimoja zaidi: namba 112 imewekwa ndani ya simu za mtandao wa GSM kama namba ya dharura, na katika nchi nyingi humfikisha mpigaji kwa wahudumu wa huko hata kama namba inayotumika kila siku ni nyingine. Nikisafiri, hilo nimeshalijua kabla ya kuwasili.

Wiki ya 3: Sanamu

Somo la kwanza na mkufunzi, kwenye sanamu ya mazoezi yenye umbo la mtu. Amenikuta na makosa mawili ya miaka tisa: nilikuwa nakunja viwiko, na nilikuwa nakandamiza juu juu kwa kuogopa kuumiza. Kiganja kinakaa katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Cha pili kinapanda juu yake, mikono imenyooka, mabega yako juu ya viganja, na uzito wa kiwiliwili ndio unaoshuka. Kina ni sentimita 5, na si zaidi ya 6, kwa mtu mzima. Baada ya kila mkandamizo unaacha kifua kiinuke chote, kwa sababu ni pale kinapoinuka ndipo moyo unapojaa damu ya kusukuma tena.

Nikamuuliza habari ya mbavu. Akanijibu kwamba mbavu zinaweza kuvunjika, na mbavu huunga. Nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Tulipopumzika alitusimulia sanamu yenyewe ilikotoka. Mwaka 1960, pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, watafiti Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walichapisha matokeo ya kukandamiza kifua kutoka nje bila kumpasua mgonjwa. Kabla ya hapo madaktari walifungua kifua na kuukamua moyo kwa mkono. Dalili ya kwanza waliiona kwenye maabara, pale vile vibao vizito vya kushtulia moyo vilipokandamizwa kwenye kifua cha mbwa na msukumo wa damu ukapanda kabla umeme haujapita. Waliandika kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu. Mwaka huohuo, mtengeneza wanasesere wa Norway, Asmund Lærdal wa Stavanger, akatoa sanamu ya kufundishia. Uso aliutoa kwenye kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye inasemekana alizama katika mto Seine, Paris. Nilipoinama tena nilimtazama kwa namna nyingine.

Wiki ya 4

Tumekuwa wanne: mimi, jirani yangu, na wenzangu wawili wa kazini. Tumekubaliana Jumamosi, saa moja na nusu, bila visingizio.

Wiki ya 5: Kuhesabu

Hii ndiyo wiki iliyonifundisha zaidi hadi sasa, na jambo lenyewe sikuwahi kulisikia kwa mtu. Kasi inayotakiwa ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Nilikuwa nahesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa: moja, mbili, tatu, hadi thelathini. Jirani yangu akishika saa, kila mara anasema nimechelewa. Sekunde 21 kwa thelathini, maana yake ni kasi ya 86 hivi kwa dakika. Nilijua sichoki mapema hivyo. Tukarekodi kwa simu, tukasikiliza.

Kumbe kosa lilikuwa mdomoni. Moja, mbili, tatu, nne ni maneno mafupi, na kumi la kwanza lilipita kwa sekunde tano. Nikifika "kumi na moja" mkono unaanza kungoja mdomo. Nikifika "ishirini na saba" ni silabi saba, na haziingii ndani ya nusu sekunde hata ukizimeza. Kumi la mwisho lilinichukua zaidi ya sekunde nane. Mwili ulikuwa unafuata maneno, na maneno yanarefuka kadiri hesabu inavyopanda.

Tulijaribu njia nne. Kuhesabu kimoyomoyo kulinipotezea idadi. Programu ya kupiga mdundo kwenye simu ilisaidia, lakini siku ya tukio sitakuwa na muda wa kuifungua. Kuhesabu kwa lugha nyingine kulimfaa mwenzetu mmoja, mimi nilijikwaa. Iliyotufaa sote ni hii: moja hadi tisa, kisha "kumi", moja hadi tisa, kisha "ishirini", moja hadi tisa, kisha "thelathini". Hakuna neno refu isipokuwa mwisho wa kila fungu, na mwenzako akisikia "thelathini" anajua zamu ya kupuliza pumzi mbili mdomoni mwa mgonjwa imefika. Jumamosi hii nimepata sekunde 16, mara tano mfululizo.

Naomba yeyote anayefundisha huduma ya kwanza kwa Kiswahili alijaribu hili na wanafunzi wake. Miongozo mingi imeandikwa kwa lugha ambazo namba zake ni fupi, na tunaitafsiri bila kuipima mdomoni.

Wiki ya 6

Vifundo vya mikono vimeuma, nimepumzika siku nne. Tumefanya zoezi la kupokezana tu: kila dakika mbili, anayepokea anapiga magoti upande wa pili kabla hesabu haijaisha, ili kifua kisikae bila mkono zaidi ya sekunde kumi. Dakika mbili ni ndefu. Mimi mwenyewe nilianza kulegea kwenye dakika ya kwanza na nusu bila kujua, na ni mwenzangu aliyeliona.

Wiki ya 7: Pumzi za kukata roho

Mkufunzi alituonyesha video ya mtu ambaye moyo wake umesimama. Mdomo unafunguka, kidevu kinacheza, sauti kama ya kukoroma inatoka, halafu kimya, halafu tena. Akatuuliza: anapumua? Watatu kati yetu tulisema ndiyo.

Hapumui. Ubongo unaokosa oksijeni ndio unaovuta misuli kwa mara za mwisho, na hewa haifanyi kazi. Hutokea mara nyingi katika dakika za mwanzo, na huwafanya watu wengi wangoje. Kwetu neno lipo tayari, tunasema mtu anakata roho. Lakini neno hilo tumezoea kulisema tukirudi nyuma, tukivua kofia, tukimwita ndugu yake aje amshike mkono. Sasa nimejifundisha kulisikia kinyume. Mtu akianguka ghafla, haitiki, na anavuta pumzi za mbali mbali za kukoroma, hapo ndipo mikono inashuka kifuani.

Kanuni tuliyoishika: tikisa bega, ita kwa sauti, inua kidevu, tazama kifua na sikiliza kwa muda usiozidi sekunde kumi. Haitiki na hapumui kama kawaida, anza. Ukiwa na shaka, anza pia. Ukikandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake unapiga, atakusukuma au atalalamika. Ukimwacha ambaye moyo wake umesimama, hatalalamika.

Kwa asiyefundishwa kupuliza pumzi, au asiye tayari kuweka mdomo, mikandamizo pekee kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla inakubalika. Aliyezama majini na mtoto wanahitaji pumzi zaidi kuliko wengine, maana kwao mara nyingi hewa ndiyo iliyotangulia kukosekana.

Wiki ya 8: Damu na mkoba

Sasa mkoba. Nimeuweka mdogo ili niubebe kweli, kwa sababu ule mkubwa wa ndoto zangu ungebaki nyumbani. Glovu jozi tatu, shashi nyingi, bendeji mbili pana, mkasi wa ncha butu wa kukatia nguo, plasta ya utepe, kalamu ya wino mzito, blanketi jepesi la foili, kinga ya mdomo ya kupulizia pumzi, na mkanda mmoja wa kubana damu wenye kijiti cha kuzungushia.

Damu nyingi inaua haraka, pengine ndani ya dakika chache, kabla hata mtu hajamaliza kuuliza nani ana kitambaa. Kazi ya kwanza ni kugandamiza jeraha lenyewe kwa nguvu zote, na glovu zikikosekana kitu chochote kinachotenga ngozi na damu. Tulifanya zoezi la kugandamiza mto uliokunjwa kwa dakika kumi bila kuchungulia. Nashauri kila mtu alijaribu. Dakika ya nne mikono inatetemeka, na hamu ya kuinua shashi uone kama damu imekata ni kubwa ajabu. Ukiinua, donge lililoanza kuganda linang'oka. Shashi ikilowa, ongeza nyingine juu yake na uendelee. Jeraha likiwa na shimo, shashi inajazwa ndani hadi chini, kisha unagandamiza juu.

Mkanda ni wa mkono au mguu, pale kugandamiza kunaposhindwa. Unakaa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, kamwe si juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Unauzungusha hadi damu ikate, na mgonjwa atapiga kelele kwa maumivu. Unaandika saa. Huulegezi tena, hiyo ni kazi ya hospitali. Mabomu mawili yalipolipuka kwenye mbio za marathoni za Boston Aprili 2013, watu waliokuwa kando ya barabara waliwafunga majeruhi kwa walichokuwa nacho, mikanda ya suruali na vipande vya nguo. Tumejaribu mkanda wa suruali sisi pia. Hauzunguki, hauna pa kushika kijiti, na unalegea. Kitambaa kipana chenye kijiti kigumu kinafaa zaidi, ila mkanda uliotengenezwa kwa kazi hiyo nimeufunga kwa sekunde 34, na kitambaa kwa zaidi ya dakika moja na nusu.

Wiki ya 9: Kinywa

Kila Jumamosi nilikuwa naepuka zoezi hili. Kuamrisha watu.

Mwaka 1968 watafiti wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaweka wanafunzi kila mmoja peke yake kwenye chumba, wakisikiliza mazungumzo kwa kipaza sauti. Katikati ya mazungumzo, sauti ya mwenzao ikaanza kukwama kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Waliodhani wao pekee ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi, kwa sababu mimi nilikuwa ndani ya ile asilimia iliyobaki, kwenye foleni, na shati la kijani.

Tulichogundua kwenye mazoezi ni kwamba "Jamani, nisaidieni!" haisogezi mtu. Jamani ni sote, na kila mmoja anaona inamhusu jirani yake. Mtu husogea akiitwa kwa kitu alicho nacho peke yake: "Dada wa mkoba mwekundu, lete ile mashine ya kushtua moyo iliyo ukutani." "Kijana mwenye kofia, simama mlangoni uwapokee watu wa gari la wagonjwa." Na amri inaisha kwa kumtaka akurudie: "Kisha urudi hapa uniambie."

Nilikwama kwa watu wakubwa kuliko mimi. Kumnyooshea kidole mzee wa umri wa baba yangu, ulimi unagoma. Mkufunzi akanionyesha kwamba heshima haipunguzi kasi: "Mzee wangu, shika hapa, gandamiza, usiachie." Neno moja la heshima mbele, amri tatu nyuma. Nimelirudia mbele ya kioo mpaka likaacha kunichoma.

Wiki ya 10: Mashine ya kushtua moyo

Mwaka 1965 daktari Frank Pantridge wa Belfast aliweka mashine ya kushtua moyo ndani ya gari la wagonjwa. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi na iliendeshwa kwa betri za gari. Ile iliyo ukutani kwenye majengo ya leo inabebwa kwa mkono mmoja na inazungumza. Unaiwasha, inakuambia. Kibandiko kimoja kinawekwa kifuani chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Kifua kikiwa na maji unakifuta kwanza. Inapopima, hakuna mkono unaomgusa mgonjwa. Yenyewe ndiyo inayoamua kama moyo unahitaji umeme, kwa hiyo huwezi kumshtua kwa makosa mtu asiyehitaji. Umeme ukishapita, mikono inarudi kifuani papo hapo bila kungoja kuona kama ameamka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia walinzi wa kumbi za kamari za Las Vegas waliofundishwa mashine hii. Walioshtuliwa moyo ndani ya dakika tatu tangu kuanguka, asilimia 74 waliishi hadi kutoka hospitali. Baada ya dakika tatu, asilimia 49. Wale walikuwa walinzi wa mlango. Na dunia nzima iliona tarehe 12 Juni 2021, mwanasoka wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka uwanjani Copenhagen: kifua kilikandamizwa palepale, akashtuliwa moyo palepale, na baadaye akarudi kucheza.

Tumetembelea majengo manne tunayopita kila siku. Mawili yana mashine. Katika moja, kabati lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo huondoka jioni. Tumeandika barua kwa uongozi. Tutafuatilia.

Wiki ya 11: Ya kuacha

Kuna mambo niliyakuta mikononi mwangu bila kukumbuka nani alinifundisha. Kumwagia maji usoni aliyezimia, kumnywesha asiye na fahamu, kuinamisha kichwa nyuma mtu anayetoka damu puani. Yote nimeyaacha. Aliyeungua anahitaji maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20, na pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, mafuta na barafu vibaki vilipo.

Wiki ya 12: Kupaliwa

Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asiyeweza kutoa sauti, mwinamishe mbele, makofi matano kati ya mabega, kisha minyo mitano ya tumbo kwa ngumi juu ya kitovu, ile aliyoieleza daktari Henry Heimlich mwaka 1974. Unabadilishana hivyo mpaka kitoke au azimie, na akizimia unaanza kukandamiza kifua. Mjamzito na mtoto mchanga hawaminywi tumbo, unakandamiza kifua. Tumefanya kwa dakika arobaini. Hakuna shida.

Wiki ya 13: Imetokea

Jumanne, ndani ya ukumbi uleule. Msichana wa miaka ishirini hivi, mbele yangu, alikakamaa, akaanguka ubavu, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Nilikuwa chini kabla ya kufikiri. Koti langu chini ya kichwa chake, miwani pembeni, viti viwili nikavisukuma kwa mguu. Kaka mmoja akaja na ufunguo mkononi, anataka kumtia mdomoni asijing'ate ulimi. Nikamzuia mkono: "Usimtie kitu, kaka yangu, atavunjika meno. Nisaidie kuwageuza watu." Akaelewa. Akawageuza watu, migongo kwetu, wakawa ukuta, na simu zilizokuwa zimeinuliwa zikashuka. Mama mmoja nikampa kazi ya kupiga simu. Akauliza aseme wapi. "Mlango wa tatu, ghorofa ya chini, mkabala na dirisha la tiketi." Ilitoka kama jina langu.

Alipotulia nilikagua pumzi kwanza, kwa sababu hata moyo ukisimama mtu anaweza kutikisika kidogo mwanzoni na ukadhani ni kifafa. Alikuwa anapumua vizuri. Nikamlaza ubavu, kidevu juu kidogo. Nikakaa naye, nikimweleza tena na tena alipo na kwamba yuko salama, mpaka akanijibu jina lake. Akaniambia ana kifafa na dawa zake ziko kwenye mkoba.

Kosa langu ni la saa. Kifafa kikizidi dakika tano ni dharura kubwa, na sikuangalia saa kilipoanza. Wahudumu waliponiuliza nilisema dakika sita au saba. Yule mama akafungua simu yake: alianza kupiga baada ya kutetemeka kuanza, na kutetemeka kuliisha akiwa bado anazungumza, na simu yote ilikuwa ya dakika moja na sekunde hamsini tu. Nilikuwa karibu kuwapa wahudumu habari ya uongo kwa nia njema.

Wiki ya 14

Nilitetemeka usiku ule, na siku mbili nikawa naona uso wake nikifumba macho. Mkufunzi amesema hilo hutokea, na kwamba tulizungumze. Jumamosi hatukugusa sanamu. Tulikaa wanne tukasimulia kila mmoja alichowahi kuona, na mwenzetu mmoja alizungumzia ajali ambayo hajawahi kuitaja kwa mtu kwa miaka kumi na miwili. Kikao kama hiki nimekiongeza kwenye ratiba.

Wiki ya 15

Neno jipya la kwanza la kila zoezi: "Saa!" Yeyote anayelisikia anataja saa kwa sauti, na mwenye kalamu anaandika kwenye mkono wake.

Wiki ya 16: Vipimo

Mkufunzi alitushtukiza mara sita katika juma bila kututaarifu, mara moja nikiwa nimeshika simu na mara moja kwenye ngazi. Kutoka kuona hadi kugusa bega: sekunde 4 hadi 9. Kwenye ngazi ilikuwa 13, nilipoteza muda kutafuta mahali pa kupiga magoti. Jibu lilikuwa kumvuta kwanza hadi sehemu tambarare, na sikulifikiria. Kueleza mahali kwa simu: sekunde 11 kwa wastani. Mikandamizo thelathini: sekunde 16 hadi 17, na dakika mbili bila kulegea mara tano kati ya sita.

Kupuliza pumzi bado ni dhaifu. Kifua cha sanamu hakiinuki pumzi moja kati ya tatu, kwa sababu nasahau kuinamisha kichwa vya kutosha nikiwa na haraka. Ujuzi huu huanza kupotea ndani ya miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo tumeweka Jumamosi moja ya mazoezi kila baada ya miezi mitatu, na sanamu itakaa kwangu. Barua ya kabati la mashine haijajibiwa. Jumatatu asubuhi nitakwenda mwenyewe, na nitaomba kuonyeshwa ufunguo unakolala usiku.